Vibanio vya Afnan

Miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili, kupiga simu nchi za nje kulikuwa bado ni shughuli. Mtu alikwenda dukani kwenye barabara kuu ya Thornton Heath akanunua kadi, akaikwangua kwa ufunguo, kisha akakaa na miwani puani akibonyeza tarakimu mpaka kidole kikachoka. Bwana Shaame Hamad aliipenda shughuli hiyo. Kabla ya kupiga alivaa shati safi na kufunga vifungo vyote mpaka cha shingoni.

"Shati la nini, Bwana Shaame?" mkewe Ghalia alimwuliza kila Jumapili. "Mtoto anakuona?"

"Ananisikia. Sauti ya mtu aliyevaa fulana si sauti ya mtu aliyevaa shati."

Mtoto mwenyewe alikuwa Afnan, kitinda mimba wao, aliyekwenda kusoma barafu. Ndivyo Shaame alivyowaambia watu: binti yangu anasoma barafu. Alikuwa katika kijiji kikubwa kuliko mji, au mji mdogo kuliko kijiji, kwenye kisiwa kilicho juu kabisa ya Norwei, ambako zamani watu walikwenda kwa ajili ya makaa ya mawe tu. Siku binti alipopata barua ya chuo, Shaame aliutafuta mji huo kwenye ramani ya dunia iliyotundikwa sebuleni tangu alipokuwa akisoma madarasa ya jioni. Hakuuona. Ilibidi aishushe ramani, aing'oe fremu, na hapo ndipo alipoukuta, umefichwa chini ya ubao. Kwa miaka yote ile alikuwa akidhani dunia yote iko mbele ya macho yake.

Alijivuna. Tena alikuwa na haki ya kujivuna. Yeye aliondoka Pemba akiwa kijana, akapitia Dubai, akaingia London bila kujua kuandika barua ya kuomba kazi. Mchana alifagia na kuosha vyoo vya ofisi za watu. Jioni alikaa kwenye dawati dogo pamoja na Wajamaika na Wagiriki wa kisiwa cha Kupro, akijifunza Kiingereza, kisha hesabu, kisha utunzaji wa vitabu. Siku aliyopokea cheti alikwenda moja kwa moja kununua viatu vya ngozi, vya rangi ya kahawia, vya kamba, kama vile alivyowaona wakubwa wa ofisi wakivaa wakati yeye ameshika ndoo. Baadaye akawa karani wa kaunsili, na viatu vile vile vikampeleka kazini na kumrudisha. Alivitia soli mpya mara kwa mara wala hakukubali kuvibadilisha. Na alijiwekea neno moja moyoni: hakuna mtoto wake atakayeinama kwenye sakafu ya mtu.

Sasa tatizo lilikuwa kazi. Chuo kilimpa Afnan nafasi na chumba, lakini chakula na mavazi ya baridi ile vilikuwa juu yake, na mji ule haukuwa na wasaa wa mtu asiyejimudu. Asipopata kazi ya saa chache kabla mwezi haujaisha, ingebidi apande ndege arudi London, na barafu aiache palepale ilipo. Pensheni ya Shaame na mshahara wa Ghalia, aliyekuwa akitunza wazee, vilitosha kuendesha nyumba ya Thornton Heath tu.

"Nimepata kazi hotelini," Afnan alisema katika simu ya kwanza. Alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Kiswahili alikielewa chote lakini akijibu kwa lugha ya skuli, isipokuwa neno Baba na neno Mama. "Lakini kumbe ni kwenye baa."

"Toka."

"Nimeshatoka, Baba."

Wiki ya pili alikuja na habari ya mzee mmoja aliyefuga mbwa wa kuvuta magari ya theluji, akitaka mtu wa kuwalisha asubuhi.

"Mbwa wangapi?"

"Wengi. Wazuri, Baba, wana adabu. Wananilamba uso."

Ghalia alimpokonya mumewe simu. "We Afnan! Mara saba za kuondoa najisi ya mbwa utajioshea nini huko, na maji yameganda? Na huo mchanga wa kujitwahirishia utaupata wapi, chini ya theluji?"

Kazi ya mbwa ikaisha hapo. Duka la vyakula lilitaka mtu anayejua Kinorwei. Kazi ya kutembeza wageni ilitaka mtu anayejua kutumia bunduki, kwa sababu ya dubu. "Hiyo bunduki ni halali," Afnan alisema akicheka, "ila mimi ndiye sijui kupiga." Shaame naye alicheka, mpaka aliposhusha simu. Jua la kule lilikuwa limeshaanza kuaga. Lingetoweka na lisingerudi mpaka mwaka mpya. Mtoto huswali kwa saa za London. Akiwazia hivyo, Shaame aliona kama kamba nyembamba sana inayotoka sebuleni kwake mpaka chini ya ule ubao wa fremu, na kwamba mwisho wa mwezi huenda ikamrudisha binti yake nyumbani. Sehemu moja ya moyo wake ilitaka hivyo. Hiyo hakumwambia hata Ghalia.

Simu ya nne ilikuwa Alhamisi, siku isiyo yake, na aliyepiga ni Afnan.

"Baba, nimepata. Kazi nzuri, mchana kidogo na jioni kidogo. Nyumba ya wageni ya bibi mmoja."

"Alhamdulillahi. Kazi gani?"

"Mlangoni."

"Mpokea wageni?"

"Ndiyo, na..." Alisita. "Unajua huku watu wote wanavua viatu? Hotelini, makumbusho, hata chuoni. Ni mila yao tangu zamani, wachimbaji walikuwa wanakuja na vumbi la makaa. Ukiingia, unavua."

Shaame alifurahi kusikia hivyo. "Kumbe ni watu wastaarabu."

"Sasa nilikwenda kuomba kazi, nikakuta kundi la wageni wanatoka. Mabuti yamejazana mlangoni, Baba, yote meusi, yote yamefanana, watu wanasukumana, wanabishana, basi linapiga honi nje. Yule bibi ameshika kichwa. Mimi sikuweza kuangalia tu. Nikapiga magoti nikaanza kuyapanga, kama zamani. Kila mtu akapata yake. Bibi akaniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia Thornton Heath."

Ghalia, aliyekuwa ametega sikio karibu na mkono wa simu, aliangua kicheko. Shaame hakucheka.

"Kwa hivyo kazi yako ni kupanga viatu."

"Na kufuta sakafu. Na chai ya asubuhi. Lakini hasa, ndiyo, viatu."

"Mimi nimekusomesha ukapange viatu vya watu?"

Simu ilinguruma kidogo, kama upepo. Kisha Afnan akasema kwa Kiswahili, polepole, kila neno akiliweka mahali pake kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe:

"Baba, sitaki kuipokea bila radhi yako. Bibi anangoja mpaka Jumatatu."

Shaame alisema watazungumza Jumapili. Alipoweka simu, Ghalia alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Wewe ulikuwa unaosha nini ulipofika mji huu? Sahani za mfalme?"

"Niliosha ili yeye asioshe."

"Na mimi ninayewafuta wazee wa watu kila siku ya Mungu?"

"Ghalia, hiyo ni kazi ya huruma."

"Haya. Na kumvika mgeni kiatu chake ni kazi ya nini?" Akaenda jikoni. Alijua mumewe hujijibu vizuri zaidi akiachwa peke yake.

Shaame alikaa akiutazama ukumbi mwembamba wa mlangoni. Miaka ya tisini nyumba hii ndiyo iliyokuwa nyumba ya maulidi. Kila mwaka Wapemba na Waunguja walikuja kutoka pande zote za London, wanaume sebuleni, wanawake juu vyumbani, na wote, kabla ya kupanda zulia, walivua viatu kwenye ukumbi ule ambao watu wawili hawakuweza kupishana. Viatu vilipanda juu ya viatu. Makubadhi, viatu vya kazi, viatu vya visigino vya kina mama, malapa ya watoto. Watu wakitoka, zogo lake lilikuwa kama la soko. Mwaka mmoja imamu mzima alirudi kwake na malapa ya waridi.

Mwaka uliofuata Afnan, wakati huo meno ya mbele yamemtoka, aliteremka ngazi na kikapu cha vibanio vya nguo vya mama yake. Hakuna aliyemtuma. Alikaa mlangoni, na kila mgeni alipovua, yeye aliunganisha viatu viwili kwa kibanio kimoja, akavipanga kwenye ngazi: ngazi za chini wazee, za kati kina mama, za juu vijana, maana vijana wanaweza kungoja. Mtu akitoka, Afnan humtazama uso, akapanda, akashuka na jozi yake. Hakukosea. Watu walimcheka, kisha wakamzoea, kisha wakawa hawaji bila kumwulizia. Shaame alimwachia mpaka alipofika miaka ya sekondari, halafu akamkataza. "Wewe sasa msomi," alimwambia. "Kaa ndani na wageni." Afnan akakaa ndani. Na kwa kuwa nyumba ilikuwa ndogo na watu wameongezeka, maulidi nayo yakahamia kwengine.

Jumamosi ile yalikuwa Walthamstow, nyumbani kwa Bi Mwanamwema, mjane wa Kipemba mwenye sauti ya kuita feri. Shaame alivaa kanzu, koti, na viatu vyake vya kahawia alivyovipiga rangi tangu asubuhi. Ghalia alikuwa kazini, kwa hiyo alikwenda peke yake, treni mpaka Victoria, kisha treni ya chini mpaka mwisho wa njia.

Mlangoni alivua viatu akaviweka ukutani, kando, akavigusa kama mtu anayemuaga mtoto. Ndani walisoma, wakaitikia, wakasimama kwa kiyamu, wakanyunyiziwa marashi. Biriani ililiwa. Baadaye, kahawa na halua zikizunguka, Bi Mwanamwema alichungulia kutoka kwenye mlango wa wanawake.

"Shaame! Yuko wapi yule bibi viatu wangu?"

"Nani?"

"Afnan, mwanangu! Yule wa vibanio. Ukumbi wangu leo umeshanishinda, nimemkumbuka mpaka machozi."

"Yuko ng'ambo. Anasoma barafu."

"Barafu! Kwani ina nini cha kusoma?" Watu wakacheka. "Na huko nako watu si wanavaa viatu? Mwambie asije akasahau ufundi wake."

Jamaa mmoja aliyekaa kando ya mlango alisema kwamba mpaka leo mkewe akipanga viatu nyumbani hutumia mtindo wa Afnan, wazee chini, vijana juu. Mwengine akasema yule mtoto alimjua yeye kwa viatu kabla hajamjua kwa jina. Walizungumza habari za binti yake kwa furaha ya watu wanaokumbuka jambo zuri la zamani, na hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za barafu. Shaame alishika kikombe cha kahawa mpaka kikapoa. Miaka minane alikuwa akiwaambia watu hawa alama alizopata Afnan katika mitihani, na wao walikuwa wameshika vibanio.

Ilipofika wakati wa kuondoka ukumbi ulikuwa msiba. Watu wameinama, vichwa vinagongana, mtoto analia na kiatu kimoja mkononi, mtu anasema hiki changu na mwengine anasema hapana. Shaame alingoja kwa heshima mpaka watu wapungue. Walipopungua, alitazama ukutani. Palikuwa na jozi ya viatu vya ngozi, vya rangi ya kahawia, vya kamba. Aliingiza mguu. Mguu ulitembea ndani kama mtu katika chumba kitupu.

"Hivi si vyangu," alisema.

"Ndivyo vilivyobaki, baba," alisema Bi Mwanamwema. "Nenda navyo, mwenyewe atajitokeza. Hapa hapajapata kuibiwa kitu, huchukuliwa tu."

Akaenda navyo. Alitembea kwa kuburura nyayo ili visimtoke, kanzu ikimzonga. Ndani ya treni msichana mmoja aliinuka akampisha, na Shaame, ambaye hakuwahi kukubali kupishwa kiti, alikaa. Aliangalia vile viatu vya mtu miguuni mwake. Vilikuwa vimelika kisigino upande mmoja. Mwenyewe alikuwa mtu wa kuegemea kulia. Akaanza, bila kutaka, kupitisha nyuso za watu wote wa maulidi kichwani: nani huegemea kulia? Nani ana mguu mkubwa hivi? Alifika Stockwell na bado hajampata. Tena kumbe kituo chake cha Victoria kimeshapita. Aliteremka, akavuka upande wa pili, akarudi. Mtoto mwenye mapengo alikuwa akiyajua haya yote kwa kutazama mara moja. Hakuwa akipanga viatu. Alikuwa akiwasoma watu, mmoja mmoja, kuanzia chini.

Nyumbani Ghalia alimtazama miguu kabla ya uso. "Vya nani hivyo?"

"Sijui."

"Angekuwepo..."

"Najua, Ghalia. Nimeambiwa na Walthamstow nzima."

Asubuhi ya Jumapili simu ililia yeye akiwa bado anatafuta shati. Alikuwa Ziyad, rafiki yake wa tangu Dubai, aliyekuwa akikaa karibu na Edgware Road na ambaye naye alikuwepo maulidini.

"Sheikh Shaame, hebu niambie. Una viatu vyangu?"

"Ni wewe!" Shaame alipiga kelele. "Bila shaka ni wewe, unaegemea kulia!"

"Naegemea nini?"

"Umevaa vyangu jana njia nzima hukuhisi?"

"Vilinibana, wallahi. Nikasema labda miguu imevimba, umri huu. Nimekwenda mpaka kwa daktari wa dawa, kanipa mafuta ya kuchua."

Wakacheka mpaka Ghalia akaja kutazama. Wakaahidiana kukutana mchana, kwenye ule mkahawa wa Waarabu waliouzoea.

Kisha Shaame alifunga vifungo vya shati, na kabla ya kukwangua kadi akafungua kabati lililo chini ya ngazi. Alisogeza mwavuli, pasi ya zamani, sanduku la vitabu vyake vya madarasa ya jioni. Kikapu kilikuwa nyuma kabisa. Vibanio vilikuwa vya mbao, vimekuwa vyeupe kwa mvua ya London, vichache vimelegea. Alikuja navyo kwenye simu, akakiweka kikapu magotini.

"Baba?" Sauti ya Afnan ilitoka mbali, ikifuatwa na mwangwi wake. Alikuwa akingoja.

"Huko dukani kwenu kuna vibanio vya nguo?"

"Vibanio? Hakuna. Nimeuliza. Nani ataanika nguo nje huku? Zitavunjika kama vioo."

"Sasa mabuti hayo unayaunganisha vipi?"

"Kwa nyuzi. Inachukua muda."

"Hapana, uzi haufai. Nitakuletea hivi vya mama yako. Kesho nitavipeleka posta."

Simu ilikwaruza, akadhani kadi imekwisha.

"Afnan?"

"Nipo, Baba."

"Nimekuridhia, mwanangu. Na ukiwa mlangoni simama vizuri, uwatazame watu. Msomi hatazami barafu peke yake."

Kutoka jikoni Ghalia aliuliza kwa sauti: na yeye nguo zake ataanikia nini? Shaame alifunika mkono wa simu akamwambia atamnunulia vipya, vya plastiki, rangi anayotaka. Kisha akarudi kwa binti yake, kwa sababu palikuwa na jambo moja alilotaka kulijua tangu Stockwell.

"Hebu niambie. Kiatu cha ngozi kama changu, unakibana wapi, kwenye ulimi au kwa nyuma?"

"Kwa nyuma," Afnan alijibu, tena kwa Kiswahili. "Ulimi unaacha alama. Na vyako, Baba, nilikuwa sivibani. Nilikuwa navikalia, ili mtu asivichukue."

Shaame alikumbuka kwamba kila maulidi, akiagana na mgeni wa mwisho, alikuta viatu vyake vina joto. Alidhani ni joto la nyumba iliyojaa watu.

Mchana ule, chini ya meza ya mkahawa wa Edgware Road, wazee wawili walibadilishana viatu, chai ya maziwa mbele yao, na mhudumu wa Kilebanoni akajifanya haoni.

"Na Afnan hajambo?" aliuliza Ziyad, akifunga kamba kwa taabu. "Bado anasoma barafu?"

"Anasoma. Na amepata kazi ya saa chache."

"Maabara?"

Shaame aliinua kikombe, akanywa, akakirudisha kwenye sahani yake.

"Mlangoni," alisema, kwa sauti ya mtu aliyevaa shati. "Anapanga viatu."